Nani Aingie Kwanza Majini?

Kitu cha kwanza ambacho mtu anayeanza kufuga samaki wa mapambo anatakiwa kuamini, na ambacho macho yake yanakataa, ni kwamba maji safi yanaua. Nazungumzia tangi la kioo la lita 60, jipya, limeoshwa, limewekwa changarawe, filta inaunguruma, na maji yanang'aa kiasi kwamba ukisimamisha gazeti upande wa pili unasoma habari bila shida. Weka samaki humo leo. Baada ya siku chache utamkuta anahema juu juu kama mtu aliyepanda ghorofa saba kwa ngazi, na huenda asifike wiki ya tatu. Halafu nenda kwa jirani mwenye tangi la miaka mitano. Kioo chake kina ute, sifongo la filta lina rangi ya matope, na samaki wake wanazaana.

Nilipokwenda kuulizia bei ya samaki, muuzaji alinipa ushauri ambao wengi wamepewa. "Dada yangu, usijisumbue. Anza na hawa wa bei rahisi. Wakifa, wameshakuandalia maji. Hapo ndiyo unaweka wazuri." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuelekeza njia ya mkato ya kwenda kituoni. Wala hakubuni yeye. Ndivyo wafugaji wengi wa nchi nyingi walivyofanya kwa miongo mingi. Lakini maneno yale, "wakifa, wameshakuandalia maji", yamegoma kutoka kichwani. Nadhani ni kwa sababu nimewahi kuyasikia mahali pengine, yakisemwa juu ya watu.

Tuanze na kinachotokea majini, maana kuzungumzia mema na mabaya bila kujua mambo yanavyokwenda ni mahubiri matupu.

Samaki anakula, anapumua, na anatoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake. Chakula kilichobaki chini nacho kinaoza na kuongeza nyingine. Mtoni au ziwani amonia hiyo inapotea katika maji mengi na kuliwa na viumbe wadogo waliotapakaa kwenye kila jiwe. Kwenye lita 60 haina pa kwenda. Inamrudia mwenyewe, inaunguza matamvua yale yale iliyotokea. Na kadiri pH ya maji na joto vinavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inavyokuwa katika sura yake yenye sumu.

Wokovu unaletwa na bakteria. Kundi moja linakula amonia na kutoa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: inaingia kwenye damu na kuiharibu hemoglobini isiweze kubeba oksijeni, mpaka damu inageuka rangi ya kahawia. Samaki anakosa pumzi katikati ya maji yenye hewa tele. Kundi la pili linaila nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki wengi wanaivumilia ikiwa kidogo. Nitrati, kwenye tangi la kawaida, haina mlaji wa kutosha. Mimea inachukua sehemu, na inayobaki inaondolewa na mkono wa binadamu mwenye ndoo na mpira, kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Sergei Winogradsky alionyesha karibu na mwaka 1890 kwamba hatua hizi mbili zinafanywa na bakteria tofauti. Kwa miaka mingi vitabu vya wafugaji vilimtaja Nitrobacter kuwa ndiye mla nitriti. Mwaka 1998 watafiti wakapima matangi yenyewe na kukuta kazi hiyo inafanywa na wengine, jamii ya Nitrospira. Mwaka 2015 ikagundulika kwamba wapo Nitrospira wanaoweza kuzifanya hatua zote mbili peke yao, na kundi mojawapo la watafiti liliwakuta katika chujio la mfumo wa kufugia samaki. Yaani kwa miongo yote hiyo tuliwashukuru watu wasiohusika, na waliotushika mkono hatukujua hata jina lao.

Shida ni moja: hawa hawana haraka. Bakteria wa kawaida wa kuozesha anaweza kujigawa mara mbili ndani ya nusu saa. Hawa wanahitaji saa nyingi, pengine siku nzima. Ndiyo maana tangi jipya linachukua wiki nne hadi sita kukomaa, na mara nyingine nane. Wala hawakai wakielea majini. Wanashikamana na sifongo, changarawe na kioo, katika ule ute ambao mtu nadhifu anatamani kuusugua. Wanahitaji oksijeni, kwa hiyo umeme ukikatika kwa saa nyingi na filta ikasimama, nao wanaanza kufa. Na wanahitaji chakula. Bila amonia hawaji, wakija hawakai.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Ili samaki waishi salama lazima bakteria wawepo. Ili bakteria wawepo lazima kuwe na amonia. Na njia ya zamani ya kupata amonia ni kuweka samaki. Mtu lazima aingie kabla nyumba haijafaa kukaliwa. Nani?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida tunaitumia kwa furaha: mgeni kafika, kuku kachinjwa, hata waliokuwa wanalala na njaa wamepata mchuzi. Ushauri wa muuzaji ni methali hiyo hiyo iliyopinduliwa. Mgeni anakuja, nyumba inapona, ila anayechinjwa ni mgeni.

Wasomaji wa hapa wanaikumbuka Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Wajumbe sita wanatumwa pande zote kutafuta maarifa ya kuifaa nchi yao, na wanaporudi malipo yao yanakuwa kifungo. Karama anasimama mbele ya baraza akiwatetea watu ambao wema wao umefungiwa gerezani. Kila ninapokifikiria kitabu hicho naona kwamba uchungu wake hautokani tu na mateso ya waliotangulia. Waliotangulia huteseka, hilo tunalijua tangu tukiwa wadogo. Uchungu ni kwamba nchi ilikuwa tayari kuwatuma na haikuwa tayari kuwabeba. Na hata hivyo wajumbe wale walijua wanakwenda. Walikubali safari. Danio mdogo mwenye michirizi, aliyewekwa kwenye mfuko wa plastiki na kumiminwa kwenye maji yenye sumu inayopanda, hakukubali lolote. Kuna tofauti kati ya mtangulizi na kafara, na tofauti yenyewe ni nani aliyechagua.

Historia ya tangi la kioo ina kisa chake katika hili. Mwaka 1846 mama mmoja wa London, Anna Thynne, alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay na kuyapeleka nyumbani kwake mjini. Maji ya bahari yalikuwa ya shida kupatikana London, kwa hiyo ilibidi yale yale yatumike tena na tena. Njia aliyotumia kuyaweka hai ilikuwa kuyamimina kutoka chombo kimoja kwenda kingine mbele ya dirisha lililo wazi, yapate hewa, kwa nusu saa au dakika 45 kila mara. Anayemimina hakuwa yeye. Alikuwa mfanyakazi wa ndani, msichana, ambaye bibi wa nyumba aliandika kwamba kazi ile aliiona kama burudani. Jina la Anna Thynne limo kwenye historia ya tangi la samaki. La msichana yule halimo. Miaka michache baadaye, mwaka 1850, mkemia Robert Warington alieleza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu, mimea ya majini na konokono kwenye chombo kimoja na maji yakabaki mazuri. Alieleza mizani ile kwa mimea inayotoa oksijeni na konokono wanaokula majani yaliyooza. Bakteria, waliokuwa wanafanya sehemu kubwa ya kazi chini ya pua yake, hakuwa na namna ya kuwajua. Tangu mwanzo, basi, chombo hiki kizuri kimesimama juu ya kazi ya wasioonekana.

Sasa kuna pingamizi ambalo siwezi kulikwepa, na rafiki zangu walinirushia mara moja. Wewe si umekula dagaa mchana? Ndiyo, nimekula, na nyanya chungu. Kwenye sahani moja kulikuwa na samaki wengi kuliko watakaowahi kuishi kwenye tangi langu. Mtu anayetafuna dagaa wa Mwanza kwa ugali, jioni analia kwa ajili ya danio wa shilingi chache, si unafiki huu?

Nimelitafakari kwa uaminifu, na naona mambo mawili. La kwanza ni madaraka. Mvuvi hamwahidi samaki kitu. Samaki wa ziwani, mpaka dakika wavu unapomkuta, anaishi maisha yake. Maji yakiharibika upande huu anaogelea upande ule. Mimi ninayemweka kwenye kioo nimemnyang'anya uwezo huo wa kuondoka. Joto la maji yake ni uamuzi wangu. Pumzi yake ni uamuzi wangu. Atakula nini, ataishi na nani, taa itazimwa saa ngapi, yote mimi. Huwezi kujifanya mungu mdogo wa lita 60 halafu ukaja kusema kilichotokea humo ni bahati mbaya.

La pili ni ulazima. Dagaa analiwa, kifo chake, tukubali tusikubali, kina kazi ambayo njaa inaijua. Kuteseka kwa danio kunafanya kazi gani? Kunaniokolea wiki sita. Na kuna njia nyingine inayotoa matokeo yale yale bila samaki hata mmoja: unatia kidogo cha chakula cha samaki kila siku kwenye tangi tupu kioze, au unaweka matone ya amonia isiyochanganywa na sabuni wala manukato, unapima, unasubiri. Amonia inapanda halafu inashuka. Nitriti inapanda halafu inashuka. Siku ambayo tangi linaweza kumaliza dozi ya amonia ndani ya saa 24, na nitriti nayo ikasoma sifuri, limekomaa. Unabadilisha maji mengi kuondoa nitrati iliyolundikana, ndipo unaanza kuingiza samaki, wachache wachache, kwa sababu bakteria wanalingana na mzigo waliouzoea. Kwa hiyo swali halikuwa kamwe maisha ya samaki dhidi ya maisha yangu. Lilikuwa matamvua yake dhidi ya subira yangu. Likisemwa hivyo, sijui mtu wa kulijibu vibaya kwa sauti. Tunalijibu vibaya kimya kimya, kwa kulipa muuzaji na kuondoka.

Kuna wanaosema samaki haumwi. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walichapisha utafiti juu ya samaki aina ya trauti. Walionyesha kwamba ana neva za kutambua madhara, na kwamba akidungwa asidi mdomoni anausugua mdomo kwenye changarawe na kukaa saa kadhaa bila kula. Wapo wanasayansi waliokataa kuliita hilo maumivu, akiwemo Brian Key, aliyeandika mwaka 2016 kwamba ubongo wa samaki hauna sehemu zinazohitajika kuhisi uchungu. Ubishi unaendelea. Lakini mwangalie vizuri anayeutumia ubishi huo dukani. Anasema: kwa kuwa wataalamu hawajakubaliana, niruhusuni. Mimi naona kinyume chake. Kama gharama ya kuwa mwangalifu ni wiki sita za kuangalia maji matupu, na gharama ya kukosea ni kiumbe kuunguzwa pumzi kwa siku kadhaa, shaka inapaswa kuwa upande wa kiumbe. Kwenye kazi yangu ya uandishi wa habari tuna kanuni inayofanana: ukiwa na shaka na habari inayoweza kumuumiza mtu, unaishikilia mpaka uthibitishe. Hatusemi, aah, hakuna ushahidi kwamba ataumia, piga chapa.

Ursula Le Guin aliandika mwaka 1973 hadithi fupi juu ya mji wa Omelas, mji wenye furaha yote, ambao furaha hiyo inategemea mtoto mmoja aliyefungiwa chini gizani. Watu wanaipenda hadithi hiyo kwa sababu inawaruhusu kujiuliza kama wangeondoka mjini. Tangi la samaki linauliza jambo dogo zaidi na linalobana zaidi. Hakuna haja ya kuondoka. Mji unaweza kujengwa bila mtoto yule, ila utachelewa kufunguliwa kwa wiki sita. Utasubiri?

Na iko njia ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ukiwa na mtu mwenye tangi la zamani lenye afya, unamwomba kipande cha sifongo lake la filta, kile kichafu, cha rangi ya matope. Unakibeba kikiwa na maji ya tangi lake, kisikauke, na unakitia kwenye filta yako. Pamoja na kipande hicho umebeba ukoo mzima wa bakteria. Kungoja kwa wiki sita kunaweza kupungua kukawa siku chache, ukiwalisha kwa kiasi. Tahadhari ipo, kwa sababu ukiomba sifongo unaomba na magonjwa yake, kwa hiyo mjue unayemwomba. Lakini fikiria maana yake. Kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote kwenye tangi la jirani ni kile ambacho mgeni wa nyumba angeshauri kitupwe. Na hakiuzwi, kinaombwa, kama makaa ya kuwashia moto enzi zile unatoka na kijungu kwenda nyumba ya pili. Aliyetangulia hakuhitaji kufa ili mimi nianze. Alihitaji tu kukata kipande na kunipa.

Hapo ndipo ninapomwona mtangulizi wa kweli. Taasisi nyingi ninazozijua zinawapokea vijana wapya kwa ushauri wa muuzaji: waingie, wakichemka wataondoka, watakaobaki ndio wenye uwezo. Wale waliovumilia nao wanajivuna, na wanaopewa majukumu ya kupokea wapya wanasema sisi tulipita humo humo. Wanasahau kwamba wangeweza kukata kipande cha sifongo.

Sasa tuje kwenye kubadilisha maji, maana wapo waliokwisha kuweka samaki. Mtoto kaletewa samaki wa dhahabu kwenye mfuko siku ya kuzaliwa. Humwambii arudishe mpaka mwezi ujao. Kwa mtu huyo maadili yanashuka kutoka kwenye kanuni na kuingia kwenye ndoo. Anapima kila siku, na amonia au nitriti ikionekana anatoa robo au hata nusu ya maji na kurudisha mapya yenye joto linalolingana. Hapotezi bakteria kwa kufanya hivyo, kwa sababu hawako majini, wako kwenye sifongo. Maji ya bomba lazima yaondolewe klorini kwanza, maana klorini iliyowekwa ili kuua vijidudu haichagui vijidudu. Klorini ya kawaida huondoka ukiacha ndoo wazi siku nzima. Kloramini haiondoki kirahisi hivyo, inataka dawa. Na sifongo likiziba, linakamuliwa ndani ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba.

Kishawishi kikubwa cha mtu mwenye moyo mzuri ni kufanya yote mara moja. Maji yamechafuka? Mwaga yote. Sugua kioo, chemsha changarawe, osha sifongo kwa sabuni, anza upya. Tangi linang'aa, na umerudi siku ya kwanza, ukiwa na samaki ndani. Hata bila sabuni kuna hatari. Tangi lililotelekezwa miezi mingi huwa pH yake imeshuka taratibu, kwa kuwa kazi ya bakteria yenyewe inakula uwezo wa maji kuihimili asidi. Katika pH ya chini amonia inalala katika sura isiyo na madhara makubwa. Samaki wamezoea, wanaishi kwa shida lakini wanaishi. Anakuja mwenye nyumba na majuto yake, anamwaga maji mapya mengi kwa mkupuo, pH inaruka, na amonia iliyolala inaamka. Asubuhi wameelea. Uzembe wa mwaka mzima haulipwi kwa Jumamosi moja ya juhudi.

Naona baadhi ya wasomaji wanatabasamu: kumbe tunaelekea kwenye "mabadiliko ya taratibu". Najua. Maneno hayo kwenye nchi zetu yamevaliwa na kila asiyetaka chochote kibadilike. Ukidai haki unaambiwa polepole, ukidai katiba unaambiwa hatua kwa hatua. Basi hebu tufanye hesabu, kwa sababu hapa tangi lina jambo ambalo hotuba hazina: linapimika.

Chukua tangi ambalo kila wiki linaongeza miligramu 10 za nitrati kwa kila lita. Ukibadilisha robo ya maji kila wiki, nitrati itapanda, itapanda, halafu itagota. Itagota kwenye 40: ukitoa robo ya 40 zinabaki 30, wiki inaongeza 10, umerudi 40. Wafugaji wengi hujitahidi isivuke hapo. Ukibadilisha nusu kila wiki, itagota kwenye 20. Sasa badilisha sehemu moja ya kumi tu, kwa moyo wote, kila Jumamosi bila kukosa hata moja. Itapanda mpaka 100. Utakuwa mtu mwenye nidhamu, mwenye ndoo, mwenye kumbukumbu zilizoandikwa vizuri, na samaki wagonjwa.

Hesabu hiyo ndogo imenifundisha zaidi ya makala nyingi za siasa nilizosoma, na baadhi nilizoandika. Mabadiliko ya sehemu si unafiki. Ndiyo njia pekee inayohifadhi kilicho hai huku ikiondoa sumu. Lakini yana kipimo. Haba na haba hujaza kibaba, na sumu nayo ni haba na haba. Anayekuambia twende polepole, muulize swali moja tu: kwa wiki kinachoingia ni kiasi gani, na unachotoa ni kiasi gani? Asipokuwa na namba, hajabadilisha maji. Anachezea mpira.

Halafu kuna suala la maji yenyewe. Robo ya lita 60 ni lita 15 kila wiki. Dar es Salaam lita 15 ni karibu dumu zima, na zipo nyumba ambazo dumu linanunuliwa na kubebwa. Kuwapa samaki wa mapambo maji ambayo jirani anayapanga foleni si jambo la kulipita kwa kicheko. Jibu nililonalo ni la nusu. Maji yanayotoka kwenye tangi yamejaa nitrati, na nitrati ni mbolea. Mchicha unaipenda. Kwa hiyo lita 15 zangu haziendi kwenye karo, zinakwenda kwenye vyungu na kwenye tuta la mama wa jirani, aliyeniambia, "Mwanangu, hayo maji yako ya samaki yana nini? Matembele yamepanda kama yamelipwa." Hilo halifuti swali. Linalifanya livumilike, na mimi nadhani maswali mengi ya maadili yanaishia hapo: kwenye kuvumilika, chini ya uangalizi.

Swali kubwa kuliko yote ni kama tuwafuge kabisa, na sisi wa upande huu wa dunia tuna sababu ya kuliuliza. Samaki wa Ziwa Tanganyika wamekuwa wakisafirishwa hai kwa miongo mingi kwenda kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Yupo mdogo wa ziwa hilo, Neolamprologus multifasciatus, asiyevuka sentimita tano, anayeishi na kulea watoto ndani ya makombe matupu ya konokono. Kuna watu mbali huko wanaochanganya chumvi kwenye maji ya bomba mpaka pH ikaribie 9, ili yafanane na maji ya Kigoma. Ziwa lenyewe halina mtu wa ndoo. Linapoteza maji yake mengi kwa mvuke, kidogo tu yanatoka kwa Mto Lukuga, na linajaziwa na mvua na mito. Linabadilisha maji yake kwa mwendo ambao vizazi vya binadamu haviwezi kuushuhudia. Kinachomwagwa humo leo kitakaa na wajukuu.

Ziwa Victoria linatupa upande mwingine. Miaka ya 1950 sangara walipandikizwa humo. Miaka ya 1980 waliongezeka kwa kishindo, na aina nyingi za furu, samaki wadogo waliokuwa kwenye ziwa hilo peke yake, wakatoweka au wakabaki wachache mno. Sangara ameleta ajira na viwanda, siwezi kujifanya sijui. Lakini baadhi ya furu leo wanafahamika kuwa hai kwenye matangi tu, maelfu ya kilomita kutoka Mwanza, mikononi mwa watu wanaopima nitrati zao na kubadilisha robo ya maji yao kila wiki. Chombo kile kile ambacho ni gereza kwa mmoja kimekuwa safina kwa mwingine. Hakuna aliyekichagua. Tofauti imeletwa na anayekishika: kama ana haraka au hana.

Mpaka ninavyoandika, tangi langu lina wiki ya tano. Halina samaki. Taa inawaka jioni, filta inaunguruma, changarawe imeanza kupata ute. Mtoto wa kaka yangu, ana miaka minane, anakuja kila siku baada ya shule na kutia chembe za chakula mahali pasipo na mdomo wowote. Wiki ya kwanza alilalamika. Wiki ya pili aliuliza, "Shangazi, wanakula saa ngapi?" Nilimwambia wanakula muda wote. Jana nitriti ilianza kushuka. Alikishika kile kichupa cha kipimo, akakiinua kwenye mwanga, akalinganisha rangi na kadi mara tatu. Kisha akanong'ona, kama mtu aliye karibu na waliolala, kwamba wamefika.